Kibao cha Kukatia: Namna ya Kukichagua, Kukitunza na Kujua Kimechoka

Leo naomba tutoke shambani kidogo tuingie jikoni. Najua wengine mtauliza, "Afisa ugani na vibao vya jikoni wapi na wapi?" Swali la haki, na nitalijibu kwanza.

Kazi yangu hapa Muheza ni kukusaidia uvune zaidi na ufuge vizuri. Nakuja kwako na chanjo ya mdondo ya kuku, nakufundisha kupanga nyanya na kuzinyunyizia kwa kipimo, nakwambia uache siku za kutosha kati ya dawa na mavuno. Kuku anakua, nyanya inaiva. Kisha siku moja kuku huyo anakatwa juu ya kibao, na dakika mbili baadaye nyanya ya kachumbari inakatwa juu ya kibao kilekile kilichofutwa kwa kitambaa. Kuku atachemka mpaka vijidudu vife. Kachumbari haichemki, inaenda mezani hivyohivyo. Kazi ya miezi yote inaharibikia pale, kwenye kipande cha mbao ambacho hakuna semina iliyowahi kukizungumzia.

Mama mmoja anayepika chakula gulioni aliniambia wateja wake wa kudumu walimhama wiki mbili baada ya watu kadhaa kulalamika tumbo. Hakuna aliyepima, kwa hiyo sisemi kilikuwa kibao. Lakini nilipomuomba anionyeshe anavyoandaa chakula, samaki, nyama, kitunguu na pilipili vyote vilipita juu ya ubao mmoja mweusi wenye mikwaruzo ambayo ncha ya kisu ilizama. Mtu wa biashara ndogo hana akiba ya kukaa wiki mbili bila wateja. Ndiyo maana naandika.

Mbao, plastiki au kioo?

Wengi wetu huku tunakatia mkononi, kwenye mfuniko wa ndoo ya plastiki, au mgongoni mwa sahani. Mkononi ni sawa kwa kitunguu kimoja, ila ukipikia watu ishirini utajikata. Mfuniko wa ndoo, hasa ndoo iliyokuwa na rangi, usiutumie kwa chakula kabisa. Kioo, bati na marumaru vinaoshika vizuri lakini vinaua makali ya kisu, na kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata vidole.

Kuhusu mbao na plastiki, watu wengi wanaamini plastiki ni safi zaidi. Mtafiti Dean Cliver na wenzake wa Marekani walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1994. Waliweka bakteria juu ya vibao vya mbao na vya plastiki. Juu ya mbao, bakteria walifyonzwa ndani pamoja na unyevu, hawakuongezeka, na baadaye wakafa taratibu. Plastiki mpya ilikuwa rahisi kuosha, lakini plastiki iliyochakazwa na kisu ilikuwa ngumu kusafisha, kwa sababu bakteria walijificha kwenye mikwaruzo.

Usije ukasema afisa amesema mbao haihitaji kuoshwa. Sikusema hivyo. Nilichosema ni kwamba kibao cha mbao nzuri, kikioshwa na kukaushwa, hakina aibu mbele ya plastiki. Tena mbao unaweza kuipiga randa ikawa mpya. Plastiki ikichakaa unatupa.

Mti gani?

Unatafuta mti wenye sifa nne: mgumu kiasi cha kutochimbika na kisu, vinyweleo vidogo visivyonywa maji mengi, usio na harufu wala ladha kali, na usiotoa vibanzi.

Mtiki ni mzuri. Una mafuta yake ya asili, haupindi ovyo na unavumilia maji. Sisi wa Muheza tuna bahati, shamba la miti la Longuza lipo hapahapa, na vipande vya mtiki hubaki kwa mafundi kila wiki. Kasoro yake ni kwamba mbao yake ina chembe ngumu kama mchanga, hivyo kisu utakinoa mara nyingi zaidi.

Mfenesi pia ni mzuri, na wengi wetu tunao uani. Mbao yake ya njano ni ngumu ya wastani na mchwa hawaipendi sana. Lazima ikauke kabisa, maana mti mbichi una ulimbo.

Mwembe unafaa, kwa sharti moja: upasuliwe mapema baada ya kukatwa na ukaushwe haraka. Gogo la mwembe likilala chini hupata madoa ya kuvu na wadudu wanaotoboa kwa muda mfupi.

Mninga na mkongo ni mbao bora, ila kuvuna miti ya asili kunahitaji kibali, na kusafirisha mbao kunahitaji hati. Usianzishe matatizo na maafisa wa misitu kwa ajili ya kibao. Kama fundi wako amenunua mbao kwa njia halali na kipande kimebaki, chukua hicho.

Msindano ni laini, kisu kinauchimba haraka. Mkaratusi hupasuka na kupinda unapokauka. Mnazi una nyuzi ambazo kisu kinazisimamisha zikawa vibanzi. Plaiwudi na mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi ziache kabisa, zikilowa zinaachana na gundi inaingia kwenye chakula.

Ukishapata mti, angalia kipande chenyewe. Sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe, ina wanga ambao wadudu wanaopenda mbao wanautafuta. Chukua sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Ukiona vitundu vidogo na unga mwembamba unadondoka, rudisha. Kisha angalia kichwa cha mbao pale ilipokatwa: mistari ya mti ikiwa imesimama wima kutoka uso wa juu kwenda wa chini, kibao hicho hakitapinda sana. Mistari ikiwa imelala kama upinde, kitajikunja kama kigae.

Mbao usiyopaswa kuileta jikoni

Hapa naomba usome polepole.

Mwaka jana nilipita kwa mama mmoja kuangalia banda lake la kuku. Nikamwamkia, akanikaribisha, akanionyesha kwa furaha kibao kipya. Mwanawe, fundi paa, alikuwa amemtengenezea kutokana na kipande cha mbao kilichobaki kwenye nyumba aliyoezeka. Kimepigwa msasa vizuri, kina tundu la kuningʼinizia, na amechonga herufi ya jina la mama yake pembeni. Rangi yake ilikuwa na ukijani hafifu.

Ukijani huo niliujua. Mbao nyingi za kuezekea siku hizi zinatiwa dawa kiwandani ili mchwa na kuvu wasizile. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromu na arseniki. Juu ya paa inafanya kazi nzuri. Lakini arseniki ni sumu, na kisu kinachokwangua mbao ile kila siku kinapeleka chembe zake kwenye mboga.

Nilikaa kimya kidogo. Zawadi ya mtoto kwa mzazi haikosolewi kirahisi, na kijana mwenyewe alikuwa pale uani anatazama uso wangu. Nikaona nikinyamaza kwa adabu, watakaokula ni wajukuu. Nikasema, "Mama, kazi ya mkono wa mwanao ni nzuri sana. Mbao ndiyo siyo. Hii imetiwa dawa."

Mama akakishika kibao kifuani. "Lakini mwanangu, mbona kinanukia vizuri tu?"

"Sumu hii hainuki, mama."

Kijana akasogea. "Bwana shamba, tunazishika kila siku hizi." (Mimi ni mwanamke, lakini watu wa huku bado wananiita bwana shamba, nimezoea.)

Nikamwambia kuzishika na kunawa mikono ni tofauti na kuzikwangua ndani ya chakula, na hata yeye anapozikata afunike pua na mdomo, anawe kabla ya kula. Hakujibu. Alikichukua kibao mikononi mwa mama yake, akakitazama, akauliza, "Basi nikichome?"

Hapo nikapata hofu zaidi, kwa sababu jibu ni hapana. Mbao iliyotiwa dawa hii haichomwi. Moshi wake una sumu, na majivu yake yanabaki na arseniki. Ukiyamwaga kwenye bustani ya mchicha umelima sumu. Usipikie nayo, usichomee nyama, usitumie majivu yake.

Walikipigilia nje kama rafu ya kuwekea jembe na panga, mahali pakavu, mbali na chakula cha watu na cha kuku. Herufi ya mama bado inaonekana. Miezi miwili baadaye kijana aliniita kwenye karakana yake anionyeshe kipande cha mfenesi alichokuwa anakikausha kivulini.

Kwa hiyo ukipewa kipande cha mbao bure, uliza maswali matatu. Ilitoka wapi? Imetiwa dawa? Imepakwa oili chafu? Rangi ya kijani ni dalili, lakini jua likiichoma inageuka kijivu, kwa hiyo usitegemee jicho peke yake. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipaka mbao kuzuia mchwa, nayo haifai jikoni hata ukiosha mara kumi. Na mbao za paleti za mizigo, angalia muhuri: HT maana yake ilipashwa moto, MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu. Hata yenye HT hujui ilibeba nini njiani. Ukikosa jibu la uhakika, acha.

Kukausha na kutengeneza

Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, kwa urefu haisinyai karibu kabisa. Ndiyo maana kibao kilichotengenezwa na mbao mbichi hupasuka katikati. Mafundi wa zamani walikisia mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila unene wa inchi moja. Hiyo ni makadirio, maana hewa ya Tanga siyo ya Dodoma. Wewe mwenye mizani una njia ya uhakika zaidi.

1. Pasua kipande kikiwa kinene kidogo kuliko unavyotaka, maana kitasinyaa.
2. Paka vichwa vyote viwili nta au rangi, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi vichwani na kupasua mbao.
3. Kiweke kivulini penye upepo, juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu.
4. Kipime kwa mizani kila wiki, andika uzito kwa penseli juu yake.
5. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, kimekauka kwa hali ya hewa ya kwako.

Kisha kata sehemu zilizopakwa vichwani, tengeneza. Kwa familia, sentimita 30 kwa 40 zinatosha, unene wa sentimita 3. Mama lishe achukue unene wa 4, kwa sababu atakuja kukipiga randa mara kadhaa. Piga msasa kuanzia ule mkali hadi laini. Lowanisha kibao, kiache kikauke, utaona vinyweleo vimesimama. Piga msasa laini tena, na havitasimama sana baada ya hapo. Usipake vanishi. Kisu kitaikwangua na utaila.

Mafuta ya kibao

Kibao kikavu hunywa maji, na pamoja na maji hunywa damu ya nyama na mchuzi wa vitunguu. Mafuta yanajaza nafasi hiyo kwanza.

Mafuta mazuri ni yale ya maji yasiyo na rangi yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kulainisha choo. Kwa jina la kitaalamu ni parafini ya maji. Tahadhari kubwa: kuna wanaoita mafuta ya taa "parafini". Hayo ni mengine kabisa, ni sumu. Nenda duka la dawa, mweleze mwuzaji unataka ile ya kunywa.

Alizeti na mafuta mengine ya kupikia yanapatikana kirahisi, lakini yakikaa ndani ya mbao yanachacha, kibao kinanata na kunuka. Mafuta ya nazi yanachelewa kuchacha, kwa hiyo ukikosa ya duka la dawa, tumia hayo, kidogo kidogo.

Ukipata nta ya nyuki safi kutoka kwa mfugaji, changanya sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta. Weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, mpaka nta iyeyuke. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 65 hivi, huna haja ya moto mkali. Usiweke nta moja kwa moja jikoni, inashika moto. Ikipoa inakuwa malai, unapaka kwa kitambaa.

Kibao kipya kipake kila siku kwa wiki moja, kisha kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha mara moja kwa mwezi. Paka pande zote na vichwani, acha usiku kucha, futa asubuhi. Unajuaje muda umefika? Dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga, bado. Likinywewa, paka.

Kuosha kila siku

Kama uwezo upo, kuwa na vibao viwili: kimoja cha nyama, kuku na samaki wabichi, kingine cha mboga, matunda na mkate. Kimoja kitoboe tundu mbili au kichome alama kwa chuma cha moto, ili hata mtoto anayekusaidia asikosee. Kutenganisha kibichi na kilichoiva ni moja ya kanuni tano za chakula salama ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2001.

Kama unacho kimoja tu, badili utaratibu. Kata kwanza vya kuliwa vibichi, viweke pembeni na kufunikwa. Kisha mboga za kupikwa. Nyama ije mwisho. Kugeuza upande hakutoshi, kwa sababu maji ya nyama yanatambaa chini na mezani.

Ukimaliza, kwangua mabaki, osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua kufuata mistari ya mbao, pande zote mbili hata kama ulitumia mmoja. Suuza. Kisha kisimamishe kwa ubavu, hewa ipite pande zote, kivulini. Ukikilaza, upande wa chini unabaki na unyevu na kuota kuvu. Ukikianika kwenye jua kali la saa saba, kinapasuka. Na usikiloweke kwenye beseni pamoja na vyombo.

Baada ya kukata kuku au samaki, ongeza hatua moja. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha jiki isiyo na manukato kwenye lita 4 za maji, lowanisha kibao, subiri dakika chache, suuza, kausha. Harufu ya kitunguu au samaki ikigoma, sugua kwa chumvi na nusu ndimu. Hiyo inaondoa harufu, haichukui nafasi ya sabuni. Na kamwe usichanganye jiki na ndimu au siki, mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu. Fanya moja, suuza, ndiyo ufanye nyingine siku nyingine.

Kimechoka lini?

Pitisha kucha juu ya mikwaruzo. Ikikwama kila mahali, mpelekee fundi akipige randa mpaka mbao safi itokee, kisha anza upya na mafuta. Lakini kikiwa na ufa unaoingiza ncha ya kisu, weusi wa kuvu ulioingia ndani, harufu isiyotoka, au matundu ya wadudu, kistaafishe. Kama hakijatiwa dawa yoyote, kitakupikia ugali mmoja wa mwisho.

Neno kwa mafundi na wafanyabiashara

Vipande vya mtiki na mfenesi ambavyo karakana nyingi zinavichoma ni bidhaa. Kabla ya kupanga bei, andika kila gharama: mbao, siku za fundi, msasa, mafuta, nauli ya kufika gulioni, na vile vitakavyopasuka wakati wa kukausha, kwa sababu vipo. Muuzie mteja vibao viwili kwa pamoja, kimoja kikiwa na alama, na umweleze sababu. Mweleze pia mti uliotumia. Mteja akikuuliza "hii haina dawa?" uwe na jibu la kweli, na uweze kumwonyesha gogo lilikotoka.

Wenye mabucha, kwenu kuna masharti ya ukaguzi ya peke yake, muoneni afisa afya wa kata.

Wiki ijayo turudi shambani. Wengi mmeuliza kuhusu machungwa yanayodondoka kabla ya kuiva, tutaliangalia hilo. Kama una kipande cha mbao na hujui kama ni salama, usikitupe wala kukichoma kwanza. Kilete ofisi ya kata Jumatatu au Alhamisi asubuhi, tukitazame pamoja na fundi.